Balitoa Mashini Pamoja na Viti

Bandugu zangu ya kikundi ya kanisa, munipe kiti. Hii maneno siwezi kuisema nikiwa nimesimama.

Benye bananijua banajua kiburi yangu: minye niko na mujukuu mwenye alisoma informatike, kazi ya kompyuta. Minye sikusoma, nilienda kulima mapema. Kwaya ya kanisa ilimupa mashini yake aichunge kwetu nyumbani. Banaiita serveri. Kwangu ilikuwa sanduku ya chuma yenye kupumua kama muzee ya pumu. Nyimbo yote yenye kwaya ilirekodi ilikuwa mule. Bantu balifuta zabo mu simu, juu balijua kwetu ziko salama.

Mujukuu aliiweka mu salon, juu ya meza. Aliziba dirisha na kitambaa sababu ya vumbi ya makamioni ya mawe. Mbabula, jiko yangu ya makala, alikataza.

"Kambo, joto na majivu itaiua."

"Na minye njaa itaniua! Mashini yako itanipikia bukari?"

Mama yake njo alicheka sana. Alikuwa mutoto yangu ya kwanza, na njo alikuwa naanzisha nyimbo mu kwaya.

Kisha mutoto yangu alikufa.

Munajua kilio yetu: salon inatolewa bintu yote, bantu bakae chini. Minye nilikuwa chini, kichwa imefunikwa, bamama bananishika huku na huku. Mujukuu alikuwa angali ku hospitali, anachunga maiti ya mama yake. Bashemeji baliingia kubeba viti na meza.

"Na hii sanduku?"

"Toa! Hapa tuko nalia, hatuko naangalia kompyuta."

Nilisikia, bandugu. Sikuelewa. Baliiweka inje, chini kabisa, na plastiki juu yake. Bapishi baliwasha mbabula pembeni yake. Kisha mvua ilikuya, munaijua mvua yetu, na matope ikapanda. Hakuna hata mumoja alitaka mabaya. Njo yenye inaniuma.

Maziko ilipokwisha, mujukuu aliifungua. Ndani majivu, matope nyekundu, na ku nyaya kijani. Siye bantu ya Likasi tukiona ile kijani ku jiwe tunafurahi, tunasema shaba iko. Mule ilikuwa kifo. Aliipeleka ku bafundi ya Lubumbashi, akarudia nayo mu mikono.

"Kambo, imekataa."

Nawaambia ukweli: nilianguka. Nilikataa kuoga. Bashemeji niliwatukana mbele ya batoto yabo. Hapa ku kikundi sikukanyaga tena. Nilikuwa naimba peke yangu mu chumba, nione kama sauti yangu inaweza kufanana na yake. Haikufanana. Minye niko na sauti ya kunguru.

Siku moja mama mumoja kati yenu alikuya na maji ya moto. Hakuhubiri. Alinitoa nguo, akanisugua mugongo. Minye nalia tu: "Sauti ya mutoto yangu imepotea!"

Mujukuu alikuwa ku mulango. Akasema pole pole: "Kambo, ilikuwa ya mama yangu pia. Hakuna mwenye aliniuliza."

Nikamuangalia. Shingo yake ilikuwa imebaki mifupa. Nilisimama na sabuni mugongoni, nikamukumbatia, tukalowana yote mbili.

Kisha mulitupa kile chumba kidogo nyuma ya kanisa. Kwaya ilirekodi upya, juu nyimbo ya zamani haikurudia. Mashini ingine iko juu ya chuma, mbali na chini, na feni, na wavu ku dirisha. Kopi ya nyimbo inalala pia mu nyumba ingine kule Mulungwishi, hata huku kukiungua zisipotee. Minye nachunga mulango. Kukiwa kilio, banaume banakuya kutafuta viti.

"Ya humu mutabeba minye kwanza!"

"Aa, Kambo anachunga sanduku ya Agano!" Banacheka, banapita.

Juzi mama mumoja, mwenye alifiwa na kijana yake ya kwaya, alikuya kusikiliza sauti yake. Mujukuu akatafuta, akapata. Kijana alikohoa kwanza, kisha akaimba. Mama alishika mudomo. Minye nilitoka inje. Ya mutoto yangu, hata kikohozi minye sina.

Asante kwa ule mwenye aliniogesha, anajijua. Asante kwenu kwa chumba. Na bashemeji, niliwaomba samahani, balinipa mukono.

Bandugu zangu, ile mashini inaogopa maji, moto na vumbi kama mutoto yenye kuzaliwa jana. Mutoto akikuambia "Usiguse", usibishane. Muulize kwanza: mule ndani muko nani?