Tiketi za Shosho Waruguru

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Chifu, Bwana Matheka, uliyekuja kwa niaba ya kampuni ya bahati nasibu inayokifadhili kituo hiki, Mwenyekiti wetu, Mzee Zedekiah, wenzangu wa jikoni na wa kliniki, jamaa mliotoka mitaa ya Mbotela, Jericho na hata Dandora, na ninyi wazee wangu, ambao kwa haki ningewataja kwanza: hamjambo?

Mimi ni Clare Luseno, ingawa wengi mnaniita Sista tu. Nimekuwa muuguzi msimamizi wa Kituo cha Wazee cha Tulia kwa miaka kumi na mmoja, na leo nastaafu. Ratiba mliyo nayo mkononi inasema nitatoa shukrani kwa wafadhili. Hotuba hiyo niliiandika, kurasa mbili nzuri, na nimeiacha nyumbani. Wiki tatu zilizopita lilitokea jambo hapa ambalo bado linanitetemesha, na siwezi kuondoka kana kwamba halikutokea.

Mnamjua Shosho Waruguru, bibi yetu sote. Ameketi pale mbele, mwenye kitambaa cha kijani. Aliuza mitumba Gikomba miaka arobaini. Moto wa sokoni ulimlia mali mara tatu, na mara zote tatu alirudi na marobota mapya. Alipokuja hapa mara ya kwanza alikataa kula mpaka tulipompa kazi ya kushona vifungo, kwa sababu, alisema, yeye si mtu wa kupewa.

Jumanne ile alikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Aliniambia, "Sista, leo githeri inanukia," kisha akaanguka. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Nikampima presha, ilikuwa juu mno, nikapima tena, nikidhani mashine imeharibika. Nilipofungua mkoba wake nitafute kadi ya kliniki, nilikuta paketi tupu ya dawa zake za presha, zilizokwisha miezi miwili iliyopita. Chini yake kulikuwa na tiketi za bahati nasibu, zile za kukwaruza, zimefungwa kwa mpira, kifurushi juu ya kifurushi.

Na nyingi hazikuwa zimekwaruzwa! Nani hununua tiketi halafu asitake kujua kama ameshinda?

Siku ya tatu, hospitalini, Shosho alifungua macho. Hakuulizia watoto wake. Hakuuliza kwa nini mkono wa kulia hauinuki.

"Sista, mmefunga?"

"Kufunga nini, Shosho?"

"Kituo. Wiki hii sijanunua."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwambia apumzike. Akanishika kwa ule mkono mzima, akanivuta karibu. "Si ni wewe ulituambia? Ulisema tiketi zisiponunuliwa, sufuria haitapanda jikoni. Sasa mimi nitakulaje hapa kila siku na sinunui?"

Ndugu zangu, ni kweli. Nilisema. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulipata barua kwamba mauzo ya tiketi yameshuka na huenda chakula cha Ijumaa kikakatwa. Nilisimama papa hapa, nikashika kipaza sauti kama nilivyokishika sasa, nikahimiza watu wanunue. Akilini mwangu nilikuwa nazungumza na jamaa, na wenye mishahara, na majirani. Sikuangalia ni nani walioketi kwenye viti. Walikuwa wazee sitini na wawili.

Niliporudi kituoni niliwaomba wanaonunua tiketi wainue mikono. Nilitarajia watano, labda sita. Mikono ilipanda mpaka nikaacha kuhesabu. Mzee Zedekiah, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na mitatu na ambaye sijawahi kumwona akicheza hata karata, aliinua wake. Nikamwita kwa jina. Naye akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto:

"Sista, ulidhani ni nani ananunua? Vijana wanabeti mpira kwa simu. Hizi za karatasi ni zetu."

Niliketi chini, sakafuni, na sare yangu nyeupe.

Baadaye nilimpigia simu Bwana Matheka. Nilimwomba aondoe lile bango la nje, lenye mzee anayecheka na maneno 'Kila tiketi ni sahani ya mzee', na aondoe meza ya mauzo langoni. Bwana Matheka, utaniwia radhi nikiyarudia maneno yako, maana hukuyasema kwa ubaya. Ulisema, "Lakini Sista, hiyo meza ndiyo inauza kuliko zote mtaani." Halafu ukauliza kwa sauti ya chini: "Ngoja. Ni wao?"

Kesho yake ulikuja bila dereva, bila mpiga picha, ukapanda ngazi ukalishusha bango lile kwa mikono yako. Kwa hilo nakuheshimu, na wenzako wajue. Lakini wakubwa wako wameandika kwamba pasipo mauzo hapa, hawana sababu ya kuendelea. Ufadhili unakoma mwisho wa mwezi.

Basi, bahati nasibu inaweza kuwatunza wazee wetu miaka nenda miaka rudi? Miaka kumi na mmoja nilijibu ndiyo, nikapigiwa makofi. Leo nasema hapana. Tulichukua pesa za dawa za Waruguru, zikapita kwenye mikono ya watu wengi, kila mkono ukabaki na chake, kisha kilichosalia tukakimwaga kwenye sahani ya Waruguru na kumwambia ashukuru. Huo ni ufadhili gani?

Wazee wenyewe walikutana Jumatano. Shosho aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akapiga kura kwa mkono wa kushoto. Wameamua kituo kifunguliwe siku tatu badala ya tano, na asiwepo mwanachama atakayenunua tiketi kwa ajili ya kituo. Wauza nyama wa soko la Burma wameahidi mifupa ya supu kila Ijumaa. Tunawashukuru sana. Lakini hiyo ni huruma ya majirani, na huruma haiwezi kununua dawa za presha za watu sitini na wawili.

Shosho Waruguru, usijaribu kusimama, kaa tu. Mara mbili ulikwepa siku ya kupimwa ukisema utakuja kesho, nami sikuuliza kwa nini. Nilikutisha kwa maneno ambayo sikuyapima. Mbele ya watu hawa wote, nakuomba unisamehe.

Ananiitikia kwa kichwa, jamani. Anasema nisilie, nimalize.

Namaliza. Mheshimiwa, ukisimama baada yangu, tafadhali usinisifu. Waambie wazee hawa ni tarehe gani utakayowasilisha jambo lao katika bunge la kaunti, liingie kwenye bajeti. Wengi wao wamekuja na kalamu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Mheshimiwa, kipaza sauti ni hiki.