Neno Ambalo Bhoke Mniko Hakulikosea

Bwana asifiwe. Wachungaji, chifu wetu, wakwe mliotoka Kuria, majirani wa hapa Kasipul na mliofanya kazi na marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia, jina langu ni Cephas Magaga, mdogo wake Willis aliyefiwa na mke, kwa hivyo marehemu alikuwa shemeji yangu, ama yuora, vile alivyoniita kwa lugha yetu. Mimi masomo niliyaachia darasa la saba, nikisoma vibaya mnivumilie, yeye hangenivumilia.

Marehemu Lynnet Bhoke Mniko alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, karibu na Kehancha, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Migori, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mniko na marehemu mama Nyanchama. Alisoma shule ya msingi huko kwao kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1978, ambapo aliwapita wavulana wote wa mwaka wake katika Kiingereza, na kama kuna mtu hapa hajawahi kuambiwa hivyo na yeye mwenyewe, basi huyo hakumjua.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kama karani na mkalimani wa mahakama, akafanya kazi Migori na Homa Bay, akitafsiri Kikuria, Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, na ukweli usemwe mbele za Mungu, alikuwa mtu wa dharau. Hakudharau maskini wala asiyesoma, alidharau yule anayeshika maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana, anayachanganya, halafu anasema ni kitu moja. Ukimwambia "borrow me your pen" alikuwa anaitia kalamu ndani ya mkoba na kufunga zipu. Mwaka wa 2003, siku ya harambee ya kanisa letu, mwenye kuongoza sherehe alimkaribisha kama "our notorious sister", akidhani anamsifu, naye akaja mbele polepole, akashika kipaza sauti, akasema, "Famous ni yule watu wanamjua kwa mazuri, notorious ni yule polisi wanamtafuta, na mimi wazee nimekuja hapa na miguu yangu, sijaletwa na pingu," akarudi kuketi. Kanisa lote lilicheka, mimi sikucheka, kwa sababu yule mwenye kuongoza sherehe nilikuwa mimi.

Alijuana na kaka yangu Willis mwaka wa 1982 pale Oyugis, ambako Willis alikuwa akitengeneza redio, na Willis akamwandikia barua ya Kiingereza iliyosema "I borrow you my heart". Barua ilirudi imejaa wino mwekundu, na chini yake ameandika kwamba borrow ni kuchukua, lend ni kutoa ukitarajia kurudishiwa, kwa hivyo achague anachotaka kabla ya kumsumbua tena. Willis alikaa na kamusi wiki nzima, akaandika upya "I give", wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu, Liz mwaka wa 1985, Boaz mwaka wa 1988 na Pamela mwaka wa 1992, pamoja na wajukuu watano.

Sasa, karatasi ambayo Liz alichapa inasema hapa kwamba mwaka wa 2015 marehemu "alihamishwa kazini", maneno mawili ya heshima hayo, yeye ni mtoto na anaficha aibu ya mama yake. Nimeyakata na kalamu. Liz, nisamehe, sikukuuliza, lakini mama yako hakuwa na aibu ya kufichwa.

Tarehe 11 Mei 2011 nilisimama kizimbani kama shahidi, katika mahakama moja ambayo familia imeomba isitajwe, kwa kesi ya Joash, mkata miwa wa Awendo, aliyechukua pampu ya maji ya mzee Masese, mwenyekiti wa kanisa letu, pale mtoni. Mimi nilikuwa shambani kwangu, niliona, Joash alikuta pampu ikiwa peke yake akaibeba, Masese alikuwa nyumbani kwake anakula. Mchubuko ambao Masese aliwaonyesha polisi ulitoka kwa seng'enge yake mwenyewe. Lakini Masese alinijia akasema, "Mzee mwenzangu, mwizi ni mwizi, sema alininyang'anya, tumalizane naye," na mimi nikaitikia ndio, kwa sababu nilitaka kiti cha makamu wake.

Marehemu ndiye alikuwa mkalimani siku hiyo, akamwambia hakimu wazi kwamba shahidi ni shemeji yake, hakukuwa na mkalimani mwingine, hakuna upande uliopinga, tukaendelea. Dholuo ina maneno mawili, nokwalo, aliiba, na nomaye, alimnyang'anya, na Kiingereza pia kina mawili, steal, unachukua mwenyewe hayupo, na rob, unakitoa mikononi mwake kwa nguvu. Ya kwanza ni miaka michache, ya pili, ukiongeza jeraha, inaweza kumfikisha mtu kwa hukumu ya kifo. Nilisema nomaye. Aliniangalia, akaomba ruhusa ya hakimu aniulize tena, "Shahidi, pampu ilikuwa mikononi mwa mwenyewe, ama ilikuwa peke yake?" Nikasema nomaye mara ya pili, nikaongeza kwa kiburi kwamba kuiba na kunyang'anya ni kitu moja. Akasema "robbed", kwa sababu alikuwa ameapa kusema ninachosema, si kile anachojua.

Joash alikaa ndani miaka minne kwa sababu ya pampu. Mwaka wa 2015, baada ya rufaa, kesi ilisikizwa upya, nikaogopa kufungwa kwa kusema uongo, nikasema nokwalo, na nilipoulizwa mbona rekodi inasema vingine, nikajibu kwamba mimi nilisema nokwalo tangu mwanzo, mkalimani ndiye alichanganya. Joash aliachiliwa, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2015 marehemu akawekwa masijala kupanga mafaili, baada ya miaka thelathini na minne, hakuruhusiwa kutafsiri tena hadi alipostaafu Machi 2021. Mawakili wadogo wakimpita kwenye korido walikuwa wanaulizana, "Leo ni steal ama ni rob?", na baadhi yenu mnaolia hapa na leso mpya mlilicheka jambo hilo hata kanisani. Namwona pia mzee Masese pale safu ya mbele, ameshika Biblia kama mtu msafi. Mimi nilipata kile kiti, nimekikalia miaka zaidi ya kumi, nao huo ni uchafu wangu.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2024, ikapatikana kuwa ni saratani ya koo, akatibiwa Homa Bay na Kisumu, hadi sauti ikaisha, akawa anaandika kwenye daftari. Jumapili tarehe 2 Februari 2025 nilienda kumwomba radhi kwa lile kosa. Akaandika, "Yuora, kosa ni neno pana. Mistake ni mguu kuteleza, fault ni kuweka jiwe kwa njia. Yako ni ipi?" Nikasema mistake. Akaandika "Haya", akageukia ukuta. Alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 63.

Ilikuwa fault. Kaka yangu Willis, umesikia leo pamoja na wageni, na hivyo pia nimekukosea.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika siku zote hizi, na makarani wa masijala, ambao peke yao waliendelea kumwita mkalimani. Kiti cha kanisa nimekirudisha leo asubuhi kwa mchungaji, na Jumatatu nitaenda mahakamani kuapa kwamba mwaka wa 2011 shahidi alisema nomaye na mkalimani akatafsiri sawasawa, wakinifunga wanifunge. Nyar Kehancha, binti wa Kehancha, binti wa Mniko, pumzika kwa amani, ulisikia vizuri.