Neno Lililoachiwa Nukta

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kulia nasi, familia imemteua dada yake marehemu, kitindamimba wa nyumba hii, awasomee maisha ya kaka yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba asipake rangi pale ambapo marehemu mwenyewe hakupaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, mtoto wa pili kati ya watatu, mama akiwa mfuaji nyumbani kwa meneja. Alisoma shule ya kiwandani kuanzia 1958, kisha sekondari ya kutwa hadi 1969, huku kaka mkubwa, ambaye sote tunamwita Mwandishi, akipelekwa bweni kwa kuwa ada ilimtosha mmoja tu, na jambo hilo marehemu hakulisahau, wala hakujifanya amelisahau.

Januari 1973 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji kusahihisha kurasa kabla hazijaenda mtamboni, akapanda hadi kuwa mhariri mkuu, akiogopwa kwa kalamu yake nyekundu, na tarehe 9 Desemba 1978 alimwoa muuguzi, wifi yangu huyu mcheshi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 1981 riwaya ya Mwandishi ikatua mezani kwake. Katika sura ya tatu meneja anamtukana mfuaji, kwa shati lililoungua, kwa neno lile la kuidhalilisha rangi yetu, mbele ya mwanawe. Mwana aliyekuwepo, ameshika beseni, alikuwa marehemu, Mwandishi alikuwa bweni, alisimuliwa tu likizo, lakini kitabuni anasema "mimi", na huyo "mimi" akapewa tuzo, akapigwa picha, akaalikwa nchi za watu. Marehemu alimsahihishia mikato yote, akarudi nyumbani, akasusa chakula. Alimwonea kaka yake wivu, jamani, wivu wa kukosa usingizi, na wifi amesema tuusome hivyo hivyo.

Mwaka 2003 kampuni ikataka toleo la shule, neno lile litolewe, ziwekwe nukta, Mwandishi akakubali papo hapo, marehemu akagoma kutia saini. Wakubwa walimweleza kwa upole kwamba mtoto anaweza kuumizwa na neno hilo likiwa mdomoni mwa mwenzake darasani, naye hakubisha kwamba linaumiza, alisema ndiyo maana mama alitupiwa neno hilo. Ofisi nzima ikanong'ona kwamba anamharibia kaka yake soko, basi akasimama kikaoni, akasema, "Wivu ninao, sikatai, lakini mkiweka nukta, wajukuu wa mama watadhani aliitwa mvivu."

Nukta ziliwekwa, yeye akahamishiwa vitabu vya hesabu hadi alipostaafu 2011, na ndugu hawa wakabaki kusalimiana misibani. Mjukuu wa marehemu alipofikia sura hiyo shuleni, penye nukta alijaza "mchafu", mwalimu akampa vema. Neno lenyewe halitatajwa hapa, watoto wamekaa mbele, na kwa hilo marehemu angetununia wiki nzima.

Agosti 2022 alianza kuugua figo. Mwezi uliopita Mwandishi alikuja wodini na kitabu, lile toleo la shule, marehemu akamwomba amsomee sura ya tatu. Alisoma vizuri, sauti yake mnaijua, hadi kwenye nukta, akakwama, akajaribu kulitamka neno, likakataa kutoka. Sisi tuliokuwepo tulijua sasa atachekwa, maana mgonjwa alikuwa ameisubiri nafasi hiyo miaka arobaini. Mwandishi akafunga kitabu, akasema, "Mdogo wangu, siku ile ilikuwaje?"

Hakuwahi kumuuliza. Marehemu hakucheka, alimweleza polepole, sauti ya meneja, uzito wa beseni, na jinsi mama alivyoendelea kukamua nguo bila kugeuka, mchana ukaisha wakiwa bado wanaongea. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, alfajiri, Mwandishi amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa uchapishaji, hata mlioweka nukta, maana nanyi mmekuja. Pumzika kwa amani, kaka, hatimaye umeulizwa.