Fundi Pekupeku, Aliyepima Magari kwa Nyayo

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pekupeku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya stesheni. Baba yetu alikuwa mshika bendera wa treni. Marehemu alikuwa mtoto wake wa kwanza, na wa pili ndiye huyu anayewasomea. Nyumba ile ilikuwa karibu na njia ya treni kiasi kwamba vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Akiwa mdogo, marehemu alisimama uani bila viatu na kutangaza treni kabla haijapiga honi, na aliweza hata kusema kama ilikuwa ya mizigo au ya abiria. Mdogo wake alijaribu kujifunza utaalamu huo kwa muda mrefu, akaambulia mafunza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alama zake zilikuwa za wastani, na hatutamwongezea leo kwa sababu tu hawezi kutukataza. Mwalimu mmoja alimtoa nje kwa kosa la kuvua viatu darasani. Akatoka, viatu vikabaki ndani na somo likaendelea. Alimaliza kidato cha pili, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alipata cheti cha ufundi wa magari mwaka 1977. Mkufunzi wake alimsifu kwa jambo moja, kwamba hakuwa na pupa ya kufungua nati.

Mwaka 1978 aliajiriwa kwenye karakana ya kampuni ya ujenzi wa barabara, akihudumia malori, hadi kampuni hiyo ilipofunga kazi mwaka 1991. Hapo ndipo alipofungua gereji yake nyuma ya kituo cha mafuta, pale barabara ya mtaa inapoungana na barabara kuu. Palikuwa na shimo la kuingilia chini ya gari, benchi refu, na bomba la maji lililovuja miaka yote kwa sababu yeye, kwa maneno yake, hakuwa fundi wa mabomba.

Kazi iliyompa jina ilikuwa moja: gari linalotetemeka likishika mwendo. Mteja akifika na pikapu inayomtikisa barabara kuu, marehemu hakugusa spana. Alivua viatu, akakaa kiti cha abiria, akazima redio na kumwambia mwenye gari aendeshe. Yeye mwenyewe hakuendesha kamwe wakati wa kupima. Alisema dereva hubana usukani bila kujijua na kulifichia gari ugonjwa. Alikaa kimya, nyayo zimelala sakafuni, mpaka wanaanza kurudi. Mtetemo ukija mikononi mwa dereva, alisema, tazama magurudumu ya mbele. Ukija chini ya mtu, tazama nyuma. Hilo "chini ya mtu" yeye alilitaja kwa jina lake kamili, lakini hapa tumelipunguza.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na shemeji yetu, fundi cherehani. Walijuana alipopeleka ovaroli ikatiwe mikono. Alikuta cherehani inaruka sakafuni kila gurudumu likishika kasi, akapiga magoti bila kuombwa, akapachika kipande cha mpira wa tairi chini ya mguu mmoja.
"Nani amekuita?" shemeji alimwuliza.
"Hiyo mashine," akajibu.
Shemeji anasema ovaroli ilikuwa tayari siku ile ile, ila alimwambia arudi kesho. Mungu aliwajalia binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi.

Mwaka 2016 shemeji aliteleza kwenye ngazi za soko, akaumia uti wa mgongo na kufanyiwa upasuaji. Alirudi kutembea, lakini safari za gari zikawa adhabu. Binti alikuwa ameolewa na kuhamia mji ulio mwisho wa barabara kuu, mwendo wa nusu siku, na mwaka 2018 akajifungua mtoto wa kike. Shemeji alijaribu kwenda kumwona. Walipofika kituo cha kwanza cha mafuta alikuwa analia, akasema, "Mume wangu, nirudishe. Wataniletea picha." Marehemu aligeuza gari. Tangu siku hiyo jambo pekee alilolitaka duniani ni mke wake afike kwa mjukuu akiwa mzima.

Pikapu yetu, ile waliyosafiria, kama pikapu zote, ilitengenezwa kubeba mzigo. Bila mzigo ilirukaruka kama mbuzi. Basi akaanza kuilainisha. Alipunguza upepo wa matairi, maana tulikuwa tunayajaza kama tunabeba saruji kila siku. Alibadilisha shokamzoba, zile zinazotuliza mruko wa gari. Kisha akashuka kwenye springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana kimoja juu ya kingine, akatoa chuma kimoja kila upande ili zinyumbulike. Kwenye mashimo ya mtaani gari likawa raha tupu, na shemeji akawa anakwenda nalo hadi sokoni. Lakini barabara kuu, wakipita mwendo wa themanini, likaja jambo jipya: mtetemo mwembamba, wa haraka, usiokatika. Mgongo wa shemeji uliweza kuvumilia shimo kwa sababu shimo hupita. Ule haukupita.

Hapo Fundi Pekupeku alipaswa kuvua viatu na kumaliza mchezo. Alivua. Mimi ndiye niliyeendesha, na usukani ulikuwa umetulia mikononi mwangu. Alikaa, akasema tugeuze. Siku iliyofuata akapeleka magurudumu kupimwa balansi. Haikusaidia. Akanunua matairi mapya, akabadilisha viungo vya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, akabadilisha na beringi inayoishika katikati. Mtetemo ulibaki palepale. Wateja nao wakaona ameanza kuwauliza, "Wewe unausikia wapi?" wakadhani anawapima akili.

Mwenye kugundua alikuwa shemeji. Jioni moja marehemu aliacha alama za damu sebuleni, na msumari mdogo ulikuwa umekaa kwenye unyayo wake tangu gereji. Hakuwa na habari nao.
"Tangu lini husikii?" shemeji akamwuliza.
"Kitambo."
"Na ulikuwa unakaa kwenye magari ya watu unasikiliza nini?"
Akainama, akaung'oa msumari. Ugonjwa wa kisukari, ambao alikuwa ameambiwa miaka mingi nyuma na kuuchukulia kama mgeni asiye na haraka, ulikuwa umemla hisia za miguu. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo hapa wenye ugonjwa huo na wanaouficha. Sisi nduguze tuliona viatu vyake vikimvuka mguuni bila yeye kugeuka, tukacheka. Ilikuwa si ya kucheka.

Asubuhi yake shemeji alitoka na mto wa kuegemea, akavua kandambili, akapanda kiti cha abiria. Marehemu alimwambia ashuke, mgongo utamuumiza. Shemeji akamwambia, "Miguu yangu ni mizima. Endesha." Kwa mara ya kwanza marehemu alishika usukani katika kupima gari, na mkewe akawa nyayo zake. Mimi nilikuwa nyuma kwenye bodi, nikimeza upepo na kusikiliza kupitia dirisha dogo lililo wazi.
"Uko chini yangu," shemeji alisema walipopita themanini. "Mbele hakuna kitu."
"Nikitoa mguu kwenye mafuta?"
"Unabadilika. Unazidi."
"Nikikanyaga?"
"Unapungua. Ukiachia, unarudi."
Alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini alimtaka arudie tena, na tena, hadi awe na uhakika.

Marehemu aliegesha pembeni. Alishuka, akalala chini ya gari na nguo zake za heshima, na mara tukamsikia anacheka peke yake. Alipotoa vyuma vile kwenye springi, alishusha nyuma ya gari, na nyumba ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli ya nyuma, ikainama. Propela ikawa inakutana nayo kwa pembe isiyo yake, na ndiyo iliyokuwa ikitetemesha sakafu. Alikuwa amekagua kila kazi iliyowahi kufanywa kwenye gari lile, ya kiwandani na ya mafundi wengine, isipokuwa kazi ya mikono yake. Tuliporudi gerejini alichonga kabari mbili za chuma, akazipachika kati ya springi na ekseli kuinyanyua difu ikae inavyotakiwa. Walipoingia tena barabarani, shemeji alimtaka akanyage mafuta na kuachia mara kadhaa. Kisha akasema, "Sasa hakuna kitu."

Novemba 2020 walisafiri. Shemeji alilala usingizi karibu njia nzima, na alipoamka mjukuu alikuwa mlangoni, anatembea. Baada ya hapo walikwenda kila msimu wa likizo. Gerejini marehemu hakuvua tena viatu. Alimkalisha mwenye gari kiti cha abiria, akamvua viatu yeye, kisha akashika usukani na kumwuliza maswali. Wateja walilalamika, lakini magari yao yakapona.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alihamishiwa hospitali ya mji anakoishi binti, akapelekwa kwa gari la wagonjwa lisilokuwa na nafasi ya mtu mwingine. Alifariki dunia tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti mmoja, mkwe, mjukuu, mdogo wake huyu, na wateja ambao hadi jana walikuwa wanaleta magari bila kujua. Kwa kawaida orodha hii husomwa mwisho, lakini shemeji ameomba mwisho uwe huu ufuatao.

Siku moja kabla ya kifo, nilimpeleka shemeji hospitali kwa ile pikapu. Marehemu alikuwa amechoka sana, hafungui macho kwa urahisi. Hakutuuliza tumeacha nani nyumbani wala barabara ikoje. Aliuliza, "Mgongo?"
"Mgongo haujui kama tumesafiri," shemeji akamjibu.
Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anavyofanya fundi akimaliza kazi. Usiku huo na asubuhi yake shemeji alikaa mwisho wa kitanda, nyayo za mumewe zikiwa mikononi mwake. Alijua hazisikii chochote, kwa hiyo akamwambia kwa mdomo.
"Nimekushika miguu."
"Usiachie," akasema.
Hakuachia.

Mungu ampokee, na apumzike kwa utulivu.