Kinyonga Ndani ya Boksi la Kompyuta

Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu tulieni. Naanza na upumbavu wangu: mimi ndiye niliyemtia kinyonga ndani ya boksi la kompyuta pale chuo cha ualimu. Cheka tu, wewe wa benchi la nyuma!

Mama yangu anafundisha baiolojia pale. Mwaka ule watu walikuwa wanapunguzwa kazini ovyo. Baba wa rafiki yangu alirudi kutoka shamba la mkonge kule Mazinde na godoro lake kichwani. Mara akapanda huku kwetu milimani mtaalamu kutoka mjini, eti anawafundisha walimu kufundishia kwa kompyuta na visahani vya sidii. Nikawaza: mashine ikishajua baiolojia, mama wa nini tena? Halafu yule bwana alikuwa anauliza maswali mno. Nilimshuku mpaka kikohozi chake.

Basi nikamtoa kinyonga kwenye tundu la mama la maabara, kwa kijiti, nikamtia ndani ya lile boksi.

Ndugu zangu, mtaalamu alipofungua boksi alitimkia nje kwa kupitia dirishani. Walimu nao nyuma yake. Mnatujua sisi na kinyonga: hakuna anayemgusa, isipokuwa mama. Hilo sikuliwaza! Macho yote yakamgeukia yeye.

Mkuu wa chuo akasema, "Mwalimu, kama mafunzo huyataka, ungesema. Sasa wizarani nikajibu nini? Au niwaandikie wakuhamishe?"

Mimi nachungulia mlangoni, naona mikono ya mama inakunja koti lake la maabara, kama ya mtu anayeaga. Mikono inayoshika nyoka! Nikaingia.

"Shikamoo mkuu. Ni mimi."

"Wewe mgosi, mwanamume wee, nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Naogopa hiyo mashine itamfukuza mama kazi."

Mtaalamu akacheka, au alijifanya kucheka, mpaka leo sina hakika. Akamwomba mama amshike kinyonga, akampiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta. Jicho likajaa kioo kizima. Walimu walewale waliokimbia wakasogea, wakawa wanabishana kuhusu vidole vya kinyonga. Ila mashine haikufungua mdomo. Aliyeeleza ni mama, na mtaalamu akawa anaandika.

Namshukuru mkuu, aliyenipa ufagio badala ya polisi, na mtaalamu, aliyerudi kwa kupitia mlangoni. Kompyuta bado naitazama kwa jicho la pembeni. Lakini nawaambia vijana: ukishuku jambo, uliza kabla hujatega, maana mtego humnasa unayempenda.

Jioni mama alinimiminia chai, akanitazama weee, kisha akasema: "Ahsante kwa kunitetea, baba. Siku nyingine niulize kwanza kama kuna vita."