Kola ya Kusimama

Benchi la mbele ya duka la fundi cherehani halijawahi kukosa wajuzi. Ukiumwa jino, dawa yako iko hapo. Ukikimbiwa na mke, wakili wako yuko hapo. Lakini asubuhi ile hata kahawa ilishuka kwa shida. Binti wa fundi, miaka kumi na mitano tu, alikuwa wodini na saratani ya shingo, na daktari alisema wamemleta kwa kuchelewa. Mtoto wa fundi baiskeli aliwahi kuugua ugonjwa huo huo, na leo anakimbiza mpira. Fundi alikaa mlangoni, uzi mdomoni, akitaka kusikia jambo moja tu: kwamba na wake atapona.

Redio, fundi simu asiyezimika, ndiye aliyeanza.

— Yule alipona kwa sababu alikuwa mdogo. Nyama za mtoto bado laini, ugonjwa haupati pa kushika.

— Acha uongo! — akadakia Nondo, mchomeleaji mageti. — Alipona kwa kuwa ni wa kiume. Sisi tuna shingo ngumu.

— Yako ngumu kwa ubishi tu, — Mama Kahawa akamkata huku akimmiminia. — Yule mtoto alikuwa analia. Akiumwa kidogo, mtaa mzima una habari. Huyu binti mpole, kila kitu anameza. Ugonjwa unabaki ndani.

— Hapo umenena! — Redio akarukia. — Halafu zile waya za masikioni. Muziki unaingia sikioni, ukifika kooni unaganda.

— Muziki unaganda?

— Kitaalamu, ndiyo.

Nondo akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko wapi, akakikata. Fundi hakucheka, ila moyoni aliwashukuru hata kwa upuuzi wao. Ubishi ukiendelea, hakuna wa kumgeukia yeye.

Ndipo akaja mama mmoja wasiyemjua, kitambaa cheupe cha sare mkononi.

— Hodi jamani. Fundi, nataka blauzi ya shule yenye kola ya kusimama, kama ya binti yako. Wangu hanipi raha, darasa zima wanaitaka.

— Umefika penyewe! — Redio akajitutumua. — Mtindo huo umezaliwa hapa hapa.

— Ulianza lini?

— Aa, zamani! Mwaka jana, shule zilipo...

Nondo akaweka kikombe chini. Wote walikumbuka walivyokuwa wakimsimamisha yule binti na kumwita Mheshimiwa kwa ajili ya kola yake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini amejifunga vifungo mpaka juu na jua lile lote.

— Mwaka jana? — Mama Kahawa akamuuliza fundi taratibu. — Si ulituambia uvimbe umeanza juzi juzi tu?

Fundi akautoa uzi mdomoni.

— Ndivyo nilivyomwambia hata daktari. Niliona haya. Mtoto alinijia akasema, baba, wananicheka shingo. Kilikuwa kinundu kama punje ya haragwe. Nikasema tezi hizo, zitaondoka. Nikamshonea kola. Kilipokua, nikairefusha. Jamani, nilikuwa naipima shingo ya mwanangu kwa futi yangu mwenyewe, naona inaongezeka, na mimi nafurahia mshono!

— Yule wa baiskeli, mama yake alimkimbiza hospitali wiki ile ile, — Nondo akasema kwa sauti ya chini. Habari hiyo wote walikuwa nayo tangu mwanzo.

Fundi akafuta uso kwa kiganja.

— Jana nilikwenda kumwona. Ameniomba kola nyingine. Anasema wodini wanamwangalia shingo.

Yule mama alikuwa amekikumbatia kitambaa chake kifuani.

— Sasa utamshonea?

Fundi akamtazama Redio, akamtazama Nondo, akamtazama Mama Kahawa. Redio alikuwa ameinama, anaangalia viatu vyake.

— Niambieni basi, — fundi akasema. — Leo mmekosaje la kusema?