Vita vya Wakesha na Wazizimi

Nje ya saluni ya kunyoa, pale barabara inapokunja kuelekea kwenye gereji, kuna benchi lililoundwa kwa mbao za kitanda kilichovunjika, na kila jioni wenyewe huwa wameshalijaza kabla jua halijazama nyuma ya tangi la maji. Mwenye saluni, ambaye wote humwita Wembe, hukaa ncha ya mlangoni ili amuone mteja akija. Katikati ni pa Nukta, mwalimu wa sarufi aliyestaafu, mtu asiyeweza kumeza kosa hata likiwa la mgeni. Ncha ya pili ni ya Breki, dereva wa teksi ambaye huonekana zaidi nje ya teksi yake kuliko ndani. Birika la kahawa hukaa juu ya jiko la mkaa, karibu na mguu wa Wembe. Jioni hiyo nafasi iliyobaki aliikalia fundi wa friji, ambaye kwa ajili ya kazi yake walishampa jina la Gesi. Kwa kawaida Gesi si mtu wa kukaa. Hupita, husalimu, hupiga mafunda mawili akiwa wima, huyoo anakwenda zake. Lakini siku hiyo alikaa, akasukuma mfuko wa vifaa chini ya benchi, akapokea kikombe, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyetarajia kulisikia kwake.

— Hivi, zile hadithi za kutisha za *Waliomo Ukutani*, nyinyi mnazisoma?

Wakamtazama. Ilikuwa kama kumuuliza Breki kama amewahi kuona gari.

— Vitabu vyote vilivyotoka, alisema Wembe. Na cha saba nimekirudia. Kwani vipi?

— Kuna mteja wangu anavizungumza sana. Nataka nisionekane mjinga.

Hakusema kwamba mteja mwenyewe ni mke wake. Walikuwa hawasemezani tangu mwezi uandame. Si kwamba kulikuwa na kelele. Afadhali kungekuwa na kelele. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa vizuri, shati lilikuwa limepigwa pasi, na Gesi alikuwa akiishia kuishukuru sahani. Jioni mkewe, ambaye ni mshonaji, akishaifunika cherehani yake, alijikunja kwenye kochi na kitabu kimoja cha hao wa ukutani. Mara anashtuka, mara anacheka peke yake, mara anampigia simu mdogo wake wabishane nani kamsaliti nani. Gesi yuko palepale, kama mgeni aliyekuja kumsubiri mtu mwingine. Ndipo alipowaza kwamba akipata japo neno moja la maana kuhusu hayo mambo, atalidondosha pale sebuleni, na mkewe atashindwa kunyamaza.

— Sikiliza basi, alisema Nukta, akiweka kikombe chini kama mtu anayetaka ubao. Kuna majeshi mawili. Wakesha ni viumbe ambao tangu ulimwengu uumbwe hawajawahi kulala. Wanaishi ndani ya kuta. Ukisikia ukuta umegonga na jirani hayupo, ndio hao. Halafu kuna Wazizimi, wanaotoka chini ya ardhi. Wakipita, chai inapoa na kioo kinatoka jasho. Hayo majeshi yanapigana tangu enzi.

— Hapo sawa, alisema Gesi. Mawili tu.

— Mawili wapi, alidakia Wembe. Juu yao yupo Mwenye Ufunguo, aliyewafungia nyumba moja. Na wahenga walishasema, fahali wawili hawakai zizi moja. Ndiyo maana ile nyumba ina ghorofa.

— Methali haina uhusiano na ghorofa, alisema Nukta.

— Fahali mmoja juu, mmoja chini. Unataka uhusiano gani tena?

Breki alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo.

— Mnampotosha kijana wa watu. Majeshi ni manne. Wakesha wenyewe walishagawanyika kitabu cha tano. Kuna wa ukuta na kuna wa dari, na wa dari wanawadharau wa ukuta kwa sababu wao wako juu.

— Na la nne?

— La kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zinakaa wapi?

Wembe alifikiri kidogo, akakubali kwamba zinakaa kabatini. Gesi akajaribu kuyapanga kichwani: ukuta, dari, kabati, chini ya ardhi, na mtu wa funguo. Nyumbani kwake kabati lilikuwa la mkewe peke yake. Yeye nguo zake zilikuwa kwenye sanduku. Akajiuliza kama hiyo ingefaa kuwa mwanzo wa mazungumzo.

— Mimi nawaambia kitu ambacho hata mwandishi hajui, alisema Wembe, akijimiminia kahawa. Mwenye Ufunguo hana ufunguo. Angekuwa nao si angeshafungua? Jina lile amejipa. Ni kama Breki hapa na gari lake.

— Gari langu breki linazo.

— Za upande mmoja.

— Tembo wakipigana nyasi ndizo huumia, aliendelea Breki bila kujali. Ndiyo maana nyumba ile haina bustani. Na nyinyi hamjajiuliza kwa nini kila sura inaanza na baridi. Baridi mlangoni, baridi kwenye ngazi, baridi mgongoni. Anayetusimulia ni Mzizimi. Tumekuwa tunasoma propaganda ya upande mmoja miaka yote hii.

Hata Nukta aliitikia kwa kichwa. Wakanywa kahawa kwa heshima ya wazo hilo. Gesi naye, kwa kuwa kahawa ilishampanda, akajikuta ametia mguu.

— Lakini baridi yenyewe si kitu. Kwenye friji hatuingizi baridi, tunatoa joto. Kwa hiyo hao Wazizimi hawapo. Kuna mtu tu anachota joto la nyumba nzima na kulipeleka kwingine.

— Analipeleka wapi? aliuliza Wembe.

— Nyuma ya friji.

— Kaka, alisema Breki kwa upole, hizi ni hadithi za kutisha. Usituletee friji hapa.

Walikuwa bado wanamcheka pale Gesi aliponyanyuka ghafla hadi kahawa ikamwagikia suruali. Mama mmoja mwembamba alikuwa amesimama mbele ya benchi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mkoba begani. Alikuwa mama mkwe wake.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Nimepita kwako, nimepita na kazini kwako. Nimekusikia hapa kabla sijakuona.

Wenye benchi wote wakamwamkia kwa zamu. Wembe akaingia ndani kuleta kiti cha wateja, akakifuta kwa taulo, na Breki akatamka kwa dhati kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, ingawa hakuna aliyekuwa mgonjwa. Mama akaketi, akakataa kahawa, akasema waendelee, kwani hakuja kuvunja mazungumzo ya watu.

Kuendelea mbele ya mkwe wa mtu si jambo rahisi. Nukta ndiye aliyejikaza. Alimweleza yote kwa utaratibu, kuanzia Wakesha hadi kabati. Wembe akaongeza la ufunguo na Breki la propaganda, na ndani ya muda mfupi walikuwa wamesahau heshima na wanakatana maneno kama kawaida. Mama alisikiliza huku mikono ikiwa juu ya mkoba. Walipotulia kuvuta pumzi, akauliza:

— Sasa hao wanagombania nini?

— Nani, mama? aliuliza Wembe.

— Hao wa ukutani na hao wa baridi. Wanagombania nini?

Wembe akasema ni nyumba, halafu akakumbuka kwamba kitabu cha pili walipewa nyumba wakaikataa. Breki akasema ni damu, Nukta akamkumbusha kwamba hawana meno. Mkaa ulidata kwenye jiko. Wembe alilinyanyua birika, akalitikisa, akalirudisha. Lilikuwa tupu.

Mama akaaga. Gesi akauchukua mkoba wake na kumsindikiza, na walipofika mbali kiasi cha kutosikika, mama akapunguza mwendo.

— Na nyinyi je?

Gesi alitafuta sababu kichwani. Alikumbuka mlango uliobamizwa, na kabla ya mlango neno fulani kuhusu mdogo wa mkewe, au lilikuwa kuhusu maji. Alirudi nyuma zaidi, hakukuta kitu.

— Mama, nikikujibu nitakuwa natunga.

— Mwenzako nimemuuliza, akaniambia kifungo changu kimelegea, akakishona. Mama alisema hivyo akipokea mkoba. Leo nalala kwa mdogo wake. Rudi nyumbani.

Alipoingia, mkewe alikuwa kwenye kochi, miguu juu, kitabu usoni. Gesi alisimama katikati ya sebule. Yale yote ya benchi yalikuwa yamechanganyika kichwani, halikubaki hata moja la kudondosha.

— Hivi Wakesha na Wazizimi wanagombania nini?

Kitabu kilishuka taratibu.

— Nani amekwambia habari za Wazizimi?

— Benchi zima. Wanasema dari limejitenga na ukuta.

Alijitahidi kujizuia; Gesi alimuona akiuma mdomo. Kicheko kikamponyoka kupitia puani.

— Wanaume wazima, alisema. Na hawakukwambia wanagombania nini?

— Hawajui.

— Hata mimi sijui. Nasoma ili nijue.

Gesi akakaa ukingoni mwa kochi, pale miguu ya mkewe ilipoishia.

— Na sisi?

Mkewe alitazama dari, kama mtu anayefuatilia uzi uliokatika.

— Mpaka juzi nilikuwa nakumbuka, alisema, akaikunja miguu ampishe. Kaa vizuri, nikusomee kuanzia mwanzo.